Lakshmi na neema inayokubali kukaa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nimezaliwa Dar es Salaam, katika nyumba ya Wahindu ambao wazee wao walivuka bahari kutoka Kutch, magharibi mwa Gujarat. Tulikuwa na duka la kanga na vitenge. Ukutani, juu kidogo ya droo ya pesa, ilining'inia picha ya mama mwenye mikono minne, amekaa juu ya ua, sarafu zikimtiririka kiganjani. Wateja waliinama kuchagua doti, wakiinua macho wanaiona, na swali linafuata. Mengi ya maswali hayo naulizwa hadi leo, na sikukuu yetu ya taa, Diwali, ikikaribia huongezeka. Nimeyaweka hapa pamoja, na majibu niliyolelewa nayo pamoja na yale niliyoyatafuta ukubwani.

Lakshmi ni nani?

Ni mungu wa kike wa neema katika dini ya Kihindu: mali, mavuno, uzazi, afya, sura njema, bahati, na ule utulivu wa nyumba ambao mgeni huuhisi kabla hajapewa kiti. Ni mke wa Vishnu, mwenye kazi ya kuulinda ulimwengu. Vishnu anaposhuka duniani kwa umbo la Rama, Lakshmi huja kama Sita. Akija kama Krishna, yeye huja kama Rukmini.

Jina lake la kale ni Shri, neno lililobeba mng'ao, uzuri, heshima na ustawi kwa mpigo mmoja. Ndilo Wahindi hulitanguliza mbele ya jina la mtu wanayemheshimu, na ndilo lililomo katika jina la nchi ya Sri Lanka. Neno lakshmi nalo, katika maandiko ya zamani kabisa, lilimaanisha alama au dalili. Mimi hupenda kuanzia hapo. Neema ina dalili zake, na anayezijua huziona nyumbani mwa mtu hata kabla pesa haijaingia.

Basi ni mungu wa pesa?

Pesa imo, sitakuficha. Wimbo wake wa kale, Shri Sukta, ulioambatishwa kwenye Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, unaanza kwa dhahabu: anaitwa mwenye rangi ya dhahabu, aliyevaa mashada ya dhahabu na fedha, na mwimbaji anaomba ng'ombe, farasi na watu wa kuijaza nyumba. Lakini endelea kusoma. Wimbo huohuo unamwita *karishini*, yaani mwenye samadi tele. Unawataja wanawe wawili, Kardama na Chiklita, na majina hayo maana yake ni tope na unyevu. Mkulima yeyote wa Mbeya au Kisii ataelewa mara moja. Tope, maji, samadi, ndipo dhahabu. Waliotunga wimbo ule walijua kwamba neema huanzia chini, penye harufu, pale mikono inapochafuka.

Baadaye desturi ikamgawa katika sura nane, Ashta Lakshmi. Adi ni ile ya asili, ya mwanzo wa yote. Dhanya ni nafaka, Gaja ni tembo na mvua, Santana ni watoto, Dhairya ni ujasiri, Vijaya ni ushindi, Vidya ni elimu. Dhana, ile ya fedha, ni moja tu katika hizo nane. Mtu mwenye akiba benki ambaye watoto wake hawasemezani, kwa hesabu hii ana sehemu moja ya nane.

Kwa nini ana mikono minne, na kwa nini amekaa juu ya ua?

Mikono ni malengo manne ya maisha: *dharma*, yaani wajibu na uadilifu; *artha*, yaani riziki; *kama*, yaani mapenzi na raha; na *moksha*, yaani kufunguliwa roho. Riziki ina mkono wake, lakini kwenye orodha hiyo inatanguliwa na uadilifu, na bibi yangu hakuchoka kutukumbusha mpangilio huo.

Ua ni yungiyungi. Mizizi yake imo kwenye tope la bwawa, na jani lake ukilimwagia maji yanateleza yote, halilowi. Tembo wawili wanaommiminia maji ni mawingu ya mvua. Sura hiyo, mwanamke juu ya yungiyungi kati ya tembo wawili, imechongwa kwenye mawe ya Sanchi na Bharhut zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na hayo ni majengo ya Wabudha. Neema haikuwahi kuwa ya dhehebu moja.

Picha ya dukani kwetu ni ya ukoo mpya zaidi. Mchoraji Raja Ravi Varma, mzaliwa wa Kerala, alianzisha kiwanda cha kuchapa picha Bombay, ambayo leo ni Mumbai, mwaka 1894, na Lakshmi wake akaingia kwenye nyumba ambazo hazingeweza kununua sanamu ya shaba, hata kwenye vibanda vya watu ambao siku zile walizuiwa kukanyaga hekaluni kwa sababu ya tabaka lao. Nikiitazama picha ile huwaza kwanza kuhusu hao.

Mbona kuna picha amefuatana na bundi? Kwetu bundi ni uchuro.

Najua, na jirani zetu walishtuka vivyo hivyo. Bundi ndiye kipando chake, hasa kwa watu wa Bengal. Sifa yake ni kuona gizani. Wazee huongeza onyo: mtu akipata mali akakosa busara, huwa kama bundi wa mchana, macho makubwa na haoni kitu. Kwa Kihindi neno la bundi, *ullu*, ndilo pia la mtu mjinga.

Alitokea wapi?

Baharini. Lakini watu wengi husimulia nusu ya pili tu ya kisa hiki, na nusu ya kwanza ndiyo yenye mzigo.

Mtawa mmoja mwenye hasira za karibu, Durvasa, alimpa Indra, mfalme wa miungu, shada la maua. Indra alikuwa juu ya tembo wake Airavata. Akalipokea bila kulitazama, akalitupia kichwani mwa tembo. Tembo akalevywa na harufu, akalivuta kwa mkonga na kulibwaga chini. Durvasa akamwambia Indra kwamba kwa kuidharau zawadi, Shri atauacha ulimwengu wake. Na ikawa. Mimea ikanyauka, miungu ikaishiwa nguvu, watu wakaingiwa na tamaa, na uzuri wenyewe ukafifia.

Ili kumrudisha ilibidi Bahari ya Maziwa isukwe kama maziwa ya kutoa siagi. Mlima Mandara ulikuwa mchi, nyoka Vasuki alikuwa kamba, na Vishnu akajigeuza kobe ili mlima upate pa kukalia. Upande mmoja walivuta miungu na upande wa pili walivuta mahasimu wao, maana hakuna upande ulioweza peke yake. Kwanza ilitoka sumu, Halahala, na mungu Shiva akainywa na kuizuia kooni mpaka koo likawa la buluu. Vikafuata vitu vingi vya thamani, na katikati yao akainuka Lakshmi juu ya yungiyungi, akatazama waliokuwapo wote, akamvika Vishnu shada.

Shada lilidharauliwa mwanzoni mwa kisa, na mwishoni shada likavishwa kwa kuchagua. Kati ya hayo mawili kuna kazi ya pamoja ya watu wasiopendana, na kuna aliyekubali kuimeza sumu ili wengine waendelee. Mimi sijapata maelezo bora ya namna familia iliyovurugika inavyorudiana.

Kwa nini anaitwa Chanchala, asiyetulia?

Kwa sababu huondoka. Watu humwomba aje. Ukizisikiliza hadithi zake moja baada ya nyingine, utaona kuja kwake si kugumu hivyo. Tabu ni kumfanya akae.

Ya kwanza umeisikia, ya Indra. Ya pili ni ya mtawa Bhrigu, aliyekwenda kuwapima miungu na kumpiga Vishnu teke kifuani. Kifua cha Vishnu ndicho makao ya Lakshmi. Vishnu, kwa unyenyekevu, akamshika mtawa mguu na kumuuliza kama ameumia. Lakshmi hakuvumilia kuona nyumba yake inapigwa teke na aliyepiga anapapaswa. Akaondoka kwenda Kolhapur, Maharashtra, ambako hekalu lake lipo hadi leo, na Vishnu naye akashuka kumtafuta, akafikia vilima vya Tirupati kusini.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inatoka Odisha, mashariki mwa India, na mshairi Balaram Das aliiandika kwa Kiodia karne nyingi zilizopita. Lakshmi alitoka hekalu kuu la Puri, anakoishi na mumewe Jagannath, yaani Vishnu kwa jina la huko, na shemeji yake Balabhadra, akatembea mjini kukagua nyumba. Akapita za matajiri. Akaingia kwa Shriya, mwanamke wa tabaka la chini kabisa, mfagiaji, ambaye alikuwa ameamka alfajiri, akasafisha nyumba, akachora sakafu kwa unga wa mchele na kuweka ua. Akakaa kwake. Aliporudi, Balabhadra akamfungia mlango: amejitia unajisi, asiingie. Jagannath hakumtetea mkewe.

Lakshmi akaenda zake, na jiko la hekalu likapoa. Ndugu wawili wale, mabwana wa ulimwengu, wakaamka hakuna chakula. Wakazunguka wakiombaomba na kila mlango ukawafungia, mpaka wakafika kwenye nyumba moja ya watu wa chini wakapikiwa. Walipoonja wakatambua mkono uliopika. Lakshmi alikubali kurudi kwa sharti kwamba Puri chakula chake kiliwe na watu wa matabaka yote pamoja, pasiwe na wa kumwona mwenzake najisi. Katika soko la chakula kitakatifu ndani ya hekalu hilo watu bado hula hivyo, na wanawake wa Odisha huisoma hadithi hii majumbani kila Alhamisi ya mwezi wa Margashirsha.

Kwa hiyo nikiulizwa anachukia nini, sisemi umaskini. Kwa Shriya palikuwa na umaskini na aliingia. Anachukia dharau.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Duka letu halikufa kwa kukosa wateja. Baba na baba mdogo waligombana juu ya jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka vizuri, wakaacha kusemezana, wakawa wanatumana ujumbe kupitia kijana wa duka. Baada ya miaka miwili tukashusha shata. Picha ilikuwa bado ukutani.

Alakshmi ni nani?

Dada yake mkubwa, naye huitwa pia Jyeshtha. Ni njaa, uchafu, ugomvi na nuksi. Shri Sukta inaomba waziwazi aondolewe nyumbani. Wengine husema hutembea nyuma ya mdogo wake, ndiyo maana mali huingia na ugomvi ukaja nyuma yake.

Umewahi kuona ndimu moja na pilipili kadhaa zimetungwa kwenye uzi, zimening'inizwa mlangoni pa duka la Mhindi? Ni chakula chake. Alakshmi anapenda vikali na vichachu, basi anawekewa nje, ashibe, aende. Dada mdogo anapenda vitamu, na vitamu huwekwa ndani. Nimependa siku zote kwamba hata yeye hafukuzwi kwa fimbo. Anapewa kula.

Uzuri unahusiana vipi na neema? Si mapambo tu?

Asubuhi na mapema Tamil Nadu, kabla jua halijapanda, mwanamke hufagia mbele ya mlango, hunyunyiza maji, kisha hudondosha unga wa mchele katikati ya vidole vyake na kuchora *kolam*: nukta kwanza, kisha mistari inayozizunguka bila kuzigusa, mpaka ijifunge yenyewe. Kufikia saa sita mchana mchoro umekwisha. Umekanyagwa, umepeperushwa, na sehemu kubwa imeliwa na sisimizi na ndege. Kesho atachora mwingine. Ule unga ni uzuri na ni sadaka vilevile, na jirani anayepita asubuhi anajua nyumba hii imeamka salama.

Gujarat tunaita *rangoli*, neno lenye undugu na *rangi* ya Kiswahili. Bengal huchora kwa uji wa mchele, wanaita *alpona*, na usiku wa Lakshmi huongeza nyayo ndogo za miguu kutoka mlangoni kuingia ndani. Vidole vielekee ndani. Dada yangu mdogo aliwahi kuzichora zikitoka nje, na mama akacheka akazifuta kwa kiganja, wakaanza tena pamoja.

Uzuri huu hauhitaji fedha. Unahitaji uamke mapema, uiname, utulize mkono. Mtu aliyeinama kizingitini mwake kila alfajiri anaijua nyumba yake, na nyumba inayojulikana haipotezi vitu kirahisi.

Ninaishi chumba kimoja cha kupanga. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ufagio. Sisi tunauhesabu ufagio kuwa ni wa Lakshmi: haurukwi, haupigwi teke, hausimamishwi palipo na wageni, na siku ya Dhanteras, ya kwanza katika siku za Diwali, wengi hununua mpya. Fagio la chelewa linatosha kabisa. Fagia kabla jua halijazama. Baada ya magharibi hatufagii, kwa imani kwamba yeye huingia saa hiyo na hatutaki kumtoa pamoja na taka.

Kisha kizingiti. Viatu vipangwe, pasiwe na kilichovunjika mlangoni. Jioni washa taa moja, kisahani cha udongo, utambi wa pamba, samli ukiipata au mafuta ya kupikia. Kama mwenye nyumba haruhusu moto, weka taa unayoweza, hakuna atakayekukatalia.

Ijumaa ndiyo siku yake kwa wengi wetu. Ukitaka kufanya zaidi, weka chungu au lota ya shaba yenye maji, majani matano ya mwembe mdomoni, na nazi juu. Hiyo ndiyo *kalash*. Nazi ya ibada tunaiita *shriphal*, tunda la Shri, na sisi wa pwani tumeishi chini ya mti wake bila kujua jina hilo. Tambuu na popoo, ubani, kafuri, manjano kidogo, kitu kitamu. Karibu vyote utavipata soko lolote la pwani. Na umalize kwa kumpa mtu chakula, maana kile kitamu hakiwekwi pale kikaharibika, hugawiwa.

Je, kuna mantra ya kupata pesa haraka?

Hapana. Wanaokuuzia pete, yantra (mchoro wa kuombea) au sala ya siku saba kwa malipo ya simu wanatumia jina lake kukuchukulia kidogo ulicho nacho. Usiwatumie hata shilingi. Sala ya kawaida, *Om Shri Mahalakshmyai Namaha*, ni salamu ya unyenyekevu kwake na hailipiwi.

Diwali ni lini, na siku yake hasa ni ipi?

Ni usiku usio na mwezi angani, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, usiku wenye giza kuliko wote katika mwezi. Mwaka 2026 ni Jumapili, tarehe 8 Novemba. Kenya sheria inaitambua kuwa sikukuu ya mapumziko kwa watu wa imani ya Kihindu.

Kwetu Wagujarati siku ni tano. Dhanteras ya kununua chombo cha shaba au fedha, Kali Chaudas, Diwali yenyewe na ibada ya Lakshmi baada ya jua kuzama, kisha mwaka mpya, na mwisho siku ya kaka na dada. Alfajiri ya mwaka mpya huko Gujarat hupita wachuuzi wakiuza chumvi, *sabras*, kitu cha kwanza kuingia nyumbani mwaka huo. Na tunasalimiana *Saal Mubarak*. Neno la kwanza ni Kiajemi, la pili ni Kiarabu, na Wahindu wa Gujarat hawajaona haja ya kulibadilisha.

Bengal wao humwabudu Lakshmi wiki mbili kabla, usiku wa mwezi mpevu, unaoitwa Kojagari. Huko inaaminika hupita juu ya nyumba akiuliza nani yu macho.

Ni kweli mnaabudu vitabu vya hesabu?

Tunaviheshimu, na nadhani wengine nao wangefaidika kwa kufanya hivyo. Ibada inaitwa *Chopda Pujan*. Jioni ya Diwali daftari jipya lenye jalada jekundu hufunguliwa mbele ya Lakshmi, Ganesh na Saraswati. Ukurasa wa kwanza huandikwa *Shri* moja, chini yake mbili, chini yake tatu, mpaka neno lijenge umbo la mlima. Pembeni huandikwa *Shubh* na *Labh*, heri na faida, na heri ndiyo hutangulia.

Tazama ni nani wameitwa. Ganesh ni busara ya kuvuka vikwazo, Saraswati ni elimu. Watu husema Lakshmi na Saraswati hawakai nyumba moja, kwamba msomi hana kitu na tajiri hajui kusoma. Usiku huu wanakalishwa mkeka mmoja kwa makusudi. Kabla ya daftari jipya, la zamani hufungwa: nani anatudai, nani tunamdai, nani tumsamehe. Baba alikuwa akisoma madeni ya wateja kwa sauti ya chini, na mengine aliyapiga mstari bila kutueleza.

Watu wa Kutch wamefanya biashara pwani hii tangu zamani. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, mtu wa jamii ya Wabhatia kutoka huko. *Laki*, *hundi* na *bima* ni maneno yaliyopita midomoni mwa wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya kuwa ya Kiswahili. Siku hizi utaona kompyuta imewekewa alama nyekundu ya *kumkum*, na soko la hisa la Mumbai hufunguliwa kwa muda wa saa moja tu siku ya Diwali kwa ajili ya heri, desturi iliyoanza mwaka 1957.

Mbona picha nyingine zinamwonyesha akimkanda mumewe miguu? Ni mtumishi wake?

Swali hili huulizwa na wasichana wetu pia, nami sipendi kulipuuza. Picha hizo zipo. Zipo pia nyingi alizokaa peke yake, na hizo ndizo zinazowekwa majumbani siku ya Diwali. Katika mafundisho ya Shri Vaishnava, dhehebu la waumini wa Vishnu kusini mwa India, njia ya kumfikia Vishnu hupitia kwake. Mwenye kosa humwendea mama kwanza. Na anayekanda miguu leo ndiye aliyefunga virago mumewe aliponyamaza, mara mbili.

Mimi ni Mwislamu, au Mkristo. Jirani amenialika. Niende?

Ukialikwa, umealikwa kama jirani. Hutaombwa kusali. Utapewa barfi, chevdo na chai ya maziwa, utaonyeshwa rangoli, watoto watakuomba usiikanyage. Kama dini yako inakukataza chakula kilichowekwa mbele ya miungu, sema tu kwa upole, na mwenyeji ataleta kingine kutoka jikoni. Hakuna atakayenuna. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Historia nayo ina mambo. Muhammad wa Ghor, sultani Mwislamu aliyeiteka Delhi mwishoni mwa karne ya 12, alitoa sarafu za dhahabu zenye jina lake upande mmoja na Lakshmi aliyekaa upande wa pili. Alitaka pesa yake iaminike sokoni.

Nina ombi moja tu. Tunajua methali ya *Baniani mbaya, kiatu chake dawa*. Nimeisikia ikisemwa mbele yangu tangu utotoni, na mara nyingi msemaji hakuwa na nia mbaya. Lakini fikiria kisa cha Indra na shada. Kutaka kitu cha mtu na kumdharau mwenyewe ndilo jambo lililomfanya Shri auache ulimwengu.

Wahindi wote humwabudu?

Hapana. Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wa hapa kwetu wamo Ismailia, Mabohora, Wagoa Wakatoliki, Wajaini na Makalasinga. Wajaini huwasha taa za Diwali kwa kumkumbuka mwalimu wao Mahavira, na Makalasinga kwa kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior. Taa zinafanana, visa ni tofauti.

Naweza kumwona wapi?

Dar es Salaam, nenda mahekalu ya Kisutu. Zanzibar, Hurumzi katika Mji Mkongwe. Vua viatu, funika mabega, uliza kabla ya kupiga picha. Ukifika Mumbai kuna hekalu la Mahalakshmi kando ya bahari. Delhi kuna Laxminarayan, lililofunguliwa na Mahatma Gandhi mwaka 1939 baada ya kupewa ahadi kwamba watu wa matabaka yote wataingia. Ukisimama pale mlangoni, mkumbuke Shriya.

Taa ya Diwali izimwe saa ngapi?

Haizimwi. Huongezwa samli mpaka kuche, au huachwa imalize yenyewe. Usiku huo mlango wetu haukufungwa kwa komeo mpaka mtu wa mwisho alipolala, na huyo alikuwa mama. Alikaa kwenye mkeka karibu na kizingiti, kibuyu cha samli kando yake, akizibana tambi zilizoegemea upande.